Ngiri na Mgongo wa Mchukuzi: Habari za Upasuaji katika Milima ya Masisi

Msafiri atokaye Goma kwa barabara ya magharibi, akaipita Sake kwenye pembe ya Ziwa Kivu, kisha akageukia kaskazini kuelekea Kitshanga, hupanda milima ambayo misitu yake ilifyekwa zamani ikawa malisho, na katikati ya malisho hayo, mahali penye baridi na ukungu, hukuta Kirolirwe, kituo cha njia na cha soko kilichozungukwa na mazizi ya ng'ombe na mashamba ya viazi, maharage na mahindi. Nchi hiyo imeandikwa sana kwa habari za vita, na ni haki iandikwe, maana imeviona vingi. Walakini iko habari nyingine ambayo haikupata waandishi, nayo ni ya maradhi yasiyo na fahari, ambayo mwenyewe huyaficha chini ya nguo miaka kumi au ishirini, yakawa siri ya mume na mkewe, hata siku moja yakajifichua yenyewe kwa maumivu yasiyostahimilika. Nakusudia kusema juu ya ngiri, na juu ya watu wa milima hii walivyoichukua, walivyoiogopa, walivyokwenda kupasuliwa, na hasa walivyoishi majuma yale yanayofuata upasuaji. Kwa maana nimesadiki kwamba kilichomzuia mgonjwa wa Masisi tangu zamani hakikuwa hofu ya kisu peke yake, wala uhaba wa fedha peke yake, bali ni kule kuambiwa akae mwezi na zaidi asiinue kitu, katika nchi ambayo mtu hula kwa nguvu ya mgongo wake.

Ngiri ya kinena, ambayo ndiyo iliyo nyingi, ni mlango uliobaki wazi katika ukuta wa tumbo, hapo tumbo linapokutana na paja. Utumbo, au mafuta yanayoufunika, hupenya katika mlango huo, na kwa nje huonekana uvimbe laini unaotokeza mtu anaposimama, anapokohoa au anapojikaza, na kurudi ndani anapolala chali. Kwa wanaume mlango huo ni ile njia ambayo korodani zilipitia kushuka kabla ya mtoto kuzaliwa, na mara nyingi haikufungwa sawasawa tangu tumboni mwa mama. Ndiyo sababu hata watoto wachanga hupata ngiri bila ya kuinua kijiti. Wazee wa milimani husema ngiri huletwa na mzigo, na matabibu husema mzigo hudhihirisha udhaifu uliokuwapo tangu mwanzo. Naona kauli hizi mbili hazigombani: mtu aliyezaliwa na mlango dhaifu, akaishi maisha ya kukaa kitini, aweza kufa mzee asijue kama anao, na mwenziwe aliyezaliwa vivyo hivyo, akapewa gunia la viazi kulipandisha mlimani kila siku ya soko, atajua kabla hajaoa. Afrika ya Mashariki imejulikana zamani kwa wingi wa maradhi haya. Mwaka 1969 jarida la madaktari wa Afrika ya Mashariki lilichapa uchunguzi uliofanywa kisiwani Pemba, ambao ulionyesha kwamba ngiri ilikuwa nyingi kupita kiasi miongoni mwa wanaume wa kisiwa kile, nao ni watu wa jembe, jahazi na karafuu.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya wanaume tu. Mwanamke wa Kivu hubeba kuni, mkaa na mavuno mgongoni kwa ukanda uliopita juu ya paji la uso, shingo ikivuta na kiuno kikiinama, na miaka ile ile ya kubeba mizigo ndiyo miaka yake ya kubeba mimba. Ngiri ya paja, itokezayo chini kidogo ya ile ya kinena, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, nayo ni ndogo, imefichika, na ina hatari kubwa zaidi ya kuukaba utumbo. Na kwa kuwa mwanamke huona haya kuonyesha mahali hapo, na aghalabu mpimaji ni mwanamume, mara nyingi hugunduliwa hali amekwisha kutapika siku nzima.

Habari za ngiri katika nchi hii, basi, haziwezi kutengwa na habari za mizigo. Katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Wabelgiji yalipovuka mwaka 1916 chini ya jemadari Charles Tombeur, yakaingia Kigali mwezi wa Mei na Tabora mwezi wa Septemba, chakula chao na risasi zao vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Wapagazi waliotumiwa na Wabelgiji katika vita vile walipita laki mbili, na Kivu, iliyokuwa mpakani, ilitozwa watu wake kwa ukali. Vita vilipokwisha haikwisha shuruti, kwani amri ya mwaka 1917 ilikwisha kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao ya serikali hata siku 60 kwa mwaka, na nje ya siku hizo kulikuwa na barabara za kuchimbwa kwa mikono na mawe ya kuchukuliwa kwa vikapu. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu ili kuwagawia walowezi ardhi, na milima ya Masisi ikapata mashamba makubwa ya kahawa, chai na pareto pamoja na malisho ya ng'ombe wa kizungu. Mashamba yalitaka mikono. Na mwaka 1937 serikali ikaanza kuwahamisha watu wa Rwanda, iliyokuwa na njaa na msongamano, kuja Gishari katika milima hii hii, kazi iliyoendelea kwa vipindi mpaka mwaka 1955 ikaleta makumi ya maelfu ya watu. Hao, pamoja na Wahunde wenyeji wa nchi, ndio walioangusha miti, wakapasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, wakachukua maziwa, mbao na magunia kwa miguu mpaka penye gari.

Magari yalipoongezeka mizigo haikupungua; ilibadili njia tu. Tangu miaka ya 1970 vijana wa Kivu ya Kaskazini wamekuwa wakisukuma chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachobeba magunia ambayo punda angeyakataa, na mji wa Goma umekisimamishia sanamu kwa kutambua kwamba ndicho kilichoulisha. Lakini kukipandisha mlima ni kazi ya tumbo na kinena kama ilivyo ya mikono. Upande wa magharibi, katika msitu wa Walikale, taabu ilizidi: madini ya bati yalipogunduliwa katika mlima wa Bisie mwaka 2002, vijana walichukua magunia ya kilo 50 mgongoni, wakatembea siku mbili msituni mpaka Njingala penye barabara, na hali hiyo ikadumu miaka mingi kabla ya kampuni kufungua njia ya gari. Mtu atakaye kujua kwa nini hospitali za nchi hii hazikosi wagonjwa wa ngiri, na ahesabu magunia hayo.

Tiba za wenyeji zilikuwa ukanda wa kukaza kiuno, chale na majani ya kufungia, na amri ya kulala chali wakati uvimbe unapouma. Sikusudii kuwalaumu waliozitoa, kwa maana ulimwengu wote ulikuwa katika upungufu huo kwa zama nyingi. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki yapata mwaka 1013, ambaye kitabu chake cha tiba kilifasiriwa kwa Kilatini kikasomwa Ulaya kwa karne kadhaa, alifundisha kuichoma ngiri kwa chuma cha moto ili kovu lizibe njia, na hadhari zake nyingi juu ya kisu zaonyesha jinsi alivyojua kwamba aghalabu kisu kiliua kuliko maradhi. Mpaka nusu ya pili ya karne ya 19 mpasuaji hodari alikuwa na mambo matatu ya kuogopa: maumivu, usaha, na kurudi kwa ngiri. Nusukaputi iliondoa la kwanza, na maarifa ya vijidudu yakapunguza la pili. La tatu liliondolewa, au tuseme lilipunguzwa sana, na Edoardo Bassini wa Padua. Mtu huyu alipokuwa kijana alipigana vita vya kuiunganisha Italia, na mwaka 1867, huko Villa Glori karibu na Roma, alichomwa singe katika kinena, akaugua muda mrefu kwa jeraha lililotoboa utumbo. Na yeye ndiye ambaye, tangu mwaka 1884, alianza kuufungua mfereji wote wa kinena, akaukata mfuko wa ngiri hapo unapoanzia, kisha akaujenga upya ukuta wa nyuma kwa kushona tabaka za nyama na ukano wa kinena. Kila mpasuaji aliyeshona ngiri katika Kivu kwa miaka zaidi ya mia iliyofuata alishona kwa mafundisho yake au kwa mafundisho yaliyozaliwa nayo.

Maarifa hayo yalifika Kivu kwa mikono ya misheni na ya serikali pamoja. Katana, kando ya Ziwa Kivu kaskazini ya Bukavu, taasisi ya tiba ya Chuo Kikuu cha Louvain ilijenga hospitali. Na Oicha, upande wa Beni, daktari Mmarekani aitwaye Carl Becker, aliyefika huko mwaka 1934, alianza na vibanda vya udongo akajenga hospitali iliyovuta wagonjwa kwa mamia ya maili, akakaa mpaka maasi ya mwaka 1964 yalipomtoa. Serikali ya Wabelgiji, kwa upande wake, ilifungua Léopoldville mwaka 1936 shule ya wasaidizi wa madaktari, vijana wa Kikongo waliofundishwa miaka mingi elimu ya tiba bila ya kupewa jina la daktari. Na nchi ikafika siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, haina daktari wake hata mmoja aliyehitimu chuoni, kisha wasaidizi wale wale wakapelekwa Ufaransa wakamalize masomo waliyonyimwa. Dhuluma hiyo yastahili kukumbukwa kila tunaposifu hospitali za ukoloni.

Walakini katika pengo lile kulizaliwa jambo ambalo naliona kubwa. Ngiri na upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni ndizo kazi mbili ambazo hospitali ya mashambani haiwezi kuzikwepa. Na kwa kuwa madaktari walikuwa haba, wauguzi walijifunza kwa kusimama kando ya meza, kwanza kushika kioo cha taa, kisha kushika koleo, kisha kushona ngozi, mpaka daktari alipowaachia kazi nzima akisimama yeye kando. Kituo cha Nyankunde katika Ituri, kilichoanzishwa mwaka 1965 na umoja wa misheni, Becker akiwa mmoja wa waasisi, kilifundisha wauguzi hao kwa miaka karibu 40 wakatawanyika mashariki yote, hata kiliposhambuliwa na kuangamizwa mwezi wa Septemba 2002. Katika miaka ya 1980 serikali iliigawa nchi kuwa kanda 306 za afya, kila moja na hospitali yake kuu ya rufani, na tangu hapo mtu wa Kirolirwe amekuwa na milango kadhaa ya kubisha: Kirotshe kusini kando ya ziwa, Mweso kaskazini kupita Kitshanga, Masisi yenyewe ng'ambo ya milima, au Goma, ambako pamoja na hospitali ya jimbo ziko hospitali za makanisa, na ile ambayo Dakta Kasereka Lusi, mpasuaji wa mifupa, na mkewe Lyn waliianzisha mwaka 2000, moto wa Nyiragongo ukaiteketeza Januari 2002, nao wakaijenga tena, leo yaitwa HEAL Africa.

Milango ipo, kuingia ndiyo kazi. Mwaka 2006 madaktari wa Marekani walichapa matokeo ya uchunguzi wa wanaume 720 wenye ngiri isiyowasumbua sana, nusu wakapasuliwa na nusu wakaambiwa wangoje, ikadhihirika kwamba waliongoja hawakupata madhara makubwa, na kwamba ngiri ilibanwa ghafula kwa kadiri ya watu wawili tu katika kila elfu kwa mwaka. Shauri lao la kwamba kungoja si kosa ni shauri jema kwa mtu wa Chicago, ambaye siku uvimbe wake utakapokataa kurudi, ukawa mgumu, ukauma, akatapika na kukosa hata upepo wa tumbo, atafika mezani kwa mpasuaji kabla saa mbili hazijapita. Mtu wa Kirolirwe akipatwa na dalili hizo usiku wa mwezi wa Novemba, mvua imeifanya barabara kuwa tope na njia ina vizuizi vya wenye silaha, hana budi kungoja kuche. Nao utumbo uliokabwa haungoji, huanza kufa kwa saa chache, na mpasuaji atakayemkuta kesho hatashona ngiri tena bali atakata kipande cha utumbo, kazi nzito ambayo wengi hawaivuki. Kwa hiyo ngiri ile ile, ya ukubwa ule ule, yataka mashauri mbalimbali katika nchi mbili, na tofauti yake imo katika barabara wala haimo katika mwili wa mgonjwa. Mimi nasema, bila ya kusitasita, kwamba mwenye ngiri katika milima hii afadhali ashonwe siku ambayo haimuumi.

Zamani njia ya kufika ilikuwa ni kipoyi, kitanda cha mianzi kilichochukuliwa mabegani na wanaume wanne, na wengine wakifuata kuwapokea. Desturi hii, ambayo Wanyarwanda huiita ingobyi, ilikuwa na sheria zake: nyumba za mtaa mmoja zilifungamana, kila nyumba ikatoa mtu wa kuchukua, na aliyekosa bila ya udhuru akatozwa faini, kwa kuwa kesho mgonjwa aweza kuwa yeye. Pikipiki imeipunguza desturi hii lakini haikuiondoa, hasa kwa mgonjwa asiyeweza kuketi. Hata hivyo kipoyi kilikuwa cha mwenye kufa kesho; mwenye ngiri isiyouma hakuchukuliwa na mtu, ilimpasa aende kwa miguu yake, kwa wakati wake na kwa fedha zake.

Na wakati, kwa mkulima, una hesabu yake. Milimani hupandwa mara mbili, Septemba na tena Februari au Machi, na kati ya Juni na Agosti mvua hupungua, barabara hukauka, na jembe hupumzika kidogo. Ndio majira ambayo mtu mwenye busara huyachagua kwa kisu. Fedha nazo zina hesabu: huuzwa mbuzi, au ng'ombe mmoja katika nyumba yenye bahati, na lazima zibaki za chakula cha mgonjwa na cha ndugu anayemwuguza, kwa kuwa hospitali nyingi za Kongo humlaza mtu bila ya kumlisha. Tena kuna aibu kubwa ambayo imeenea nchini tangu serikali ilipoacha kuzilisha hospitali zake, ya kwamba aliyepona asiyemaliza kulipa huzuiwa asitoke; na mtu ambaye jirani yake alizuiwa hivyo atafikiri mara nyingi kabla ya kwenda.

Vita vilizidisha yote hayo. Tangu mapigano ya Masisi ya mwaka 1993, na mauaji ya Mei 1996 yaliyowakuta watu waliokimbilia nyumba ya watawa ya Mokoto, si mbali na Kitshanga, ng'ombe wa milima hii waliporwa kwa maelfu, na nyumba nyingi zikapoteza benki yao ya pekee. Mwaka 2007 na 2008 Kirolirwe yenyewe ilikuwa ngome ya waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda. Madaktari Wasio na Mipaka wakaingia hospitali ya Masisi mwaka 2007, wakatibu bila ya malipo, na wagonjwa waliokuwa hawana mbuzi wa kuuza wakapata mlango. Lakini katika hospitali ya vita meza ya upasuaji ina utaratibu wa haki usioweza kupingwa: aliyepigwa risasi hutangulia, mama aliyekwama katika uzazi hutangulia, na ngiri isiyouma hubaki mwisho wa orodha. Mwaka 2023 vita viliporejea juu ya barabara ya Sake na Kitshanga, na mahali pakawa pa huyu leo na pa yule kesho, majeruhi walijaa hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, ambako wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wamekuwa wakifanya kazi tangu mwaka 2012. Na watu wa milimani wakakimbilia kambi za hema, wakibeba magodoro, masufuria na watoto. Ngiri nyingi zilizokuwa zimestahimiliwa ziliongezeka katika kukimbia huko, na wenyewe walikuwa hawana tena majira wala mbuzi wala orodha ya kusubiri.

Kazi yenyewe ya mpasuaji imekuwa nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Sindano ya ganzi ya uti wa mgongo hulaza mwili kutoka kiunoni mpaka miguuni, mgonjwa akawa macho akisikia sauti za watu. Au hutiwa ganzi mahali penyewe. Au hupewa ketamini, dawa ambayo imewafaa wagonjwa wengi katika hospitali zisizo na mashine wala mtaalamu wa usingizi. Saa moja, pengine na kidogo zaidi, kazi imekwisha. Katika nchi tajiri ukuta haujengwi tena kwa kuvuta nyama zikutane, bali hufunikwa kwa wavu mwembamba wa plastiki ambao mwili huuotea nyama, na hivyo mshono hauvutiki na ngiri hairudi kwa wepesi; Irving Lichtenstein wa Los Angeles ndiye aliyeieneza njia hii katika miaka ya 1980. Bei ya wavu huo ilikuwa kizuizi kwa maskini, mpaka madaktari wa India walipoanza kukata nyavu za chandarua, wakazitakasa na kuzitumia. Mashariki ya Uganda wanaume 302 walishonwa, wengine kwa wavu wa kiwandani na wengine kwa wavu wa chandarua, na matokeo yaliyochapwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja ngiri ilimrudia mtu mmoja tu wa kundi la chandarua, na hakuna aliyerudiwa katika kundi la pili. Furaha iliyoje kwamba habari hii ilitoka kwetu, kwa wakulima wa Busoga. Walakini hospitali nyingi za Kivu zingali zikishona kwa njia ya Bassini na ya wanafunzi wake, na kwa njia hiyo uponyaji hutegemea zaidi adabu ya majuma yanayofuata.

Majuma hayo ndiyo nitakayokaa nayo. Ganzi ya uti wa mgongo huondoka baada ya saa kadhaa, miguu ikarudi kwa mchomo wa sindano ndogo ndogo, na jambo la kwanza ambalo muuguzi hulitazamia ni mkojo, kwa kuwa wanaume wengine hushindwa kukojoa usiku ule, wakatiwa mpira. Zamani, katika siku za Bassini na baadaye, mgonjwa alilazwa kitandani majuma mawili au matatu bila ya kuinuka, damu ikaganda miguuni na mapafu yakaharibika. Lakini tangu miaka ya 1940 wapasuaji, miongoni mwao Edward Earle Shouldice wa Toronto, walithibitisha kwamba atembeaye mapema hupona upesi. Basi leo mgonjwa huinuliwa siku ile ile au kesho yake, akashika kitambaa juu ya jeraha kila anapotaka kukohoa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Kutembea ameruhusiwa, na kuinua amekatazwa. Na hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba aliyeweza kutembea ameweza yote.

Siku ya pili au ya tatu huja hofu ambayo wagonjwa hawakuambiwa habari zake: mahali palipopasuliwa huvimba, na weusi wa damu huteremka mpaka korodanini, mtu akaamini kwamba ameharibiwa. Aghalabu ni damu iliyoshuka chini ya ngozi, itaondoka kwa siku kumi au kumi na tano. Pasipo homa, usaha, wala uvimbe mgumu unaozidi, hakuna la kuogopa. Kipande cha ngozi juu ya paja kitakufa ganzi miezi, pengine zaidi. Kuna pia swali ambalo huulizwa kwa sauti ndogo, muuguzi akiwa peke yake, kama mtu atazaa tena. Na jibu ni kwamba kwa karibu wote hakuna kilichobadilika. Choo kigumu ni adui mkubwa, maana kujikaza huuvuta mshono, na hapa chakula cha milimani ni rafiki: maharage, lengalenga, parachichi, maziwa ya mgando na maji mengi. Nyuzi huondolewa siku ya saba mpaka ya kumi. Safari ya kurudi kwa pikipiki juu ya mawe ya njia ya Sake ni adha ambayo naomba kila mgonjwa aiahirishe mpaka nyuzi ziondolewe, akiwa na nduguye mjini wa kumkaribisha.

Kisha hufika nyumbani, na ndipo bei ya kweli hudaiwa. Majuma manne mpaka sita asiinue mzigo: asibebe gunia, asisukume chukudu, asimwangushe ndama, asichote maji katika dumu la lita 20, ambalo ni kilo 20. Ndama watashikwa na nani? Mwanamume mwenye wana wakubwa atavumilia. Mwenye watoto wadogo atatazama shamba lake likimea magugu. Na mwanamke aliyeshonwa yu katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa kazi zake hazina msimu: maji ni ya kila siku, kuni ni za kila siku, na desturi haikumpa mtu wa kuzipokea. Katika juma la pili au la tatu, maumivu yakiwa yamekwisha na ngozi imefunga, mtu huinua gunia moja, kwa kuwa hakuna aliyemwona akiugua tena. Na nyuzi za ndani, ambazo nyama bado haijazishika, hukata nyama hiyo polepole, na baada ya mwaka ngiri imerudi mahali pale pale. Jirani humwona, akasema kisu hakiponyi, na usemi huo ukatembea kutoka soko la Kirolirwe mpaka Kitshanga, ukawarudisha nyuma watu ambao walikwisha kuuza mbuzi. Naamini kwamba wapasuaji wengi wema wa nchi hii walivunjiwa jina na gunia la juma la tatu.

Hospitali haina nguvu juu ya jambo hili. Wenye nguvu ni majirani. Ile sheria ya kipoyi, ya kila nyumba kutoa mtu, ilifanya kazi ya kumfikisha mgonjwa, ikaishia mlangoni pa hospitali. Leo katika vijiji na mitaa ya Kivu viko vyama vya akiba viitwavyo MUSO, ambavyo wanachama wake hutia fedha katika masanduku yaliyotengwa, la kijani kwa mikopo ya biashara, na jekundu kwa misiba na maradhi. Sanduku jekundu humsaidia mgonjwa kulipa kitanda na dawa. Naliomba lihesabu pia majuma sita: watu wawili wa kupalilia shamba lake, kijana wa kukamua na kushika ndama, msichana wa kuchota maji kama mgonjwa ni mama wa nyumba, wote wakilipwa kidogo kutoka sanduku hilo, au wakifanya kwa zamu kama walivyobeba kipoyi baba zao. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kupasuliwa mara ya pili, na mgonjwa aliyeshonwa mwezi wa Julai, akapumzishwa hivyo, atashika jembe lake mwenyewe mvua za Septemba zinapoanza.